Tundu Lisilo na Kihisi: Kiswahili cha Gereji na Deni la Wapenda Lugha

Kila mjadala wa Kiswahili na teknolojia unapoibuka, wasemaji hugawanyika makundi mawili. Wako wanaodai kwamba lugha yetu haina maneno ya kubeba mambo ya mitambo, kwa hiyo tuyaache yasemwe kwa Kiingereza. Na wako wanaodai kwamba maneno yanaweza kuundwa, kisha wakaketi mezani na kuunda istilahi ambazo hakuna fundi atakayezitamka akiwa amelala chali chini ya gari. Makundi haya huonekana kama mahasimu, lakini yanakubaliana katika jambo moja: kwamba upungufu wetu ni wa maneno. Mimi sikubaliani nayo yote mawili. Nashikilia kwamba upungufu wetu ni wa uandishi. Maneno mengi tunayo, na yana ukali wa kisu kipya. Tusichonacho ni kurasa zinazoyatumia.

Nitautetea msimamo huu kwa kitu kidogo kabisa, tena kisicho na fahari yoyote: tundu la kihisi cha oksijeni lililobaki wazi kwenye bomba la moshi la gari, na namna ya kuliziba. Nimelichagua kwa sababu halijawahi kuitiwa kongamano. Hata hivyo linadai maelezo sahihi, na maelezo yakipotoka hasara yake ni ya fedha na, kwa bahati mbaya zaidi, ya uhai.

Kitu chenyewe

Gari la petroli la siku hizi haliamui lenyewe kwa kubahatisha kiasi cha mafuta ya kuchoma. Kwenye bomba la moshi, ambalo mafundi huliita ekzosi, kimepachikwa kihisi kinachopima oksijeni iliyosalia baada ya mafuta kuungua. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kukitengeneza kwa wingi mwaka 1976, na magari ya kwanza kukivaa yalikuwa ya Volvo yaliyokwenda soko la Marekani. Wajerumani walikipa jina la herufi ya Kigiriki, lamda, kwa kuwa wahandisi hutumia herufi hiyo kuandika uwiano wa hewa na mafuta. Uwiano unaotafutwa ni takribani kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli.

Mwenye kuujua uji ataelewa mara moja. Maji yakizidi uji huwa mwepesi. Unga ukizidi huwa mzito. Kihisi ndicho mwiko wa mpishi. Mchanganyiko ukiwa mwepesi, yaani hewa imezidi, hutoa umeme mdogo wa takribani volti 0.1; ukiwa mzito, yaani mafuta yamezidi, hutoa takribani volti 0.9. Kompyuta ya gari husoma namba hizo na kuongeza au kupunguza mafuta mara nyingi kwa dakika.

Kihisi hukazwa ndani ya tundu lenye kipenyo cha milimita 18, ambalo ukuta wake umechongwa hesi: ile mizunguko inayoiwezesha parafujo kushika. Katika magari mengi umbali kutoka mzunguko mmoja hadi unaofuata ni milimita 1.5. Hutokea tundu la namna hii likakosa mwenyewe. Mtu amenunua bomba jipya lililotengenezwa kwa ajili ya magari ya aina nyingi, nalo lina matundu mawili ilhali gari lake lahitaji moja. Au injini imebadilishwa, na iliyokuja ina vihisi vichache kuliko iliyoondoka. Au fundi alitoboa tundu la ziada ili aweke kipimo chake cha muda wakati wa kurekebisha injini, akamaliza kazi na kuondoka na kipimo chake.

Tundu si shimo

Hapa ndipo lugha inapoanza kufanya kazi. Kiingereza kina neno moja ambalo hutumika kwa shimo la panya na soksi iliyochakaa. Kiswahili hakikuridhika na hilo. Shimo lina kina na kitako. Huchimbwa, na mtu hutumbukia. Tundu hupenya upande hadi upande, na mara nyingi limewekwa kwa makusudi au kwa maumbile: tundu la ufunguo, tundu la pua, tundu la sindano. Tobo ni matokeo ya kutoboka. Limekuja kwa kuchakaa au kwa kishindo. Ufa ni mstari wa kupasuka. Mwanya hukaa baina ya vitu viwili. Pengo ni nafasi ya kitu kilichokuwapo, ndiyo maana hulitaja jino na hulitaja marehemu.

Mwanafunzi wa ufundi akifundishwa tofauti hizi, amefundishwa nusu ya utambuzi wa ugonjwa. Bomba likivuja, swali la kwanza ni hili: ni tundu, ni tobo, ni ufa au ni mwanya? Tundu lililochongwa hesi hudai kizibo. Tobo lililoletwa na kutu hudai kiraka cha bati la chuma, na huenda likadai bomba jipya, kwa kuwa penye tobo moja la kutu kuta za jirani nazo zimekwisha liwa. Ufa hudai kuchomelewa. Mwanya kati ya bomba na bomba hudai gasketi mpya na bolti zilizokazwa sawasawa. Dawa nne kwa majina manne. Aliyesema lugha hii haina istilahi za kiufundi hakuwahi kuiuliza.

Tena kuna tundu na pengo. Tundu likiwa la kihisi ambacho gari linakihitaji, nacho kimeondolewa, hapo pana pengo, na pengo halizibwi kwa kizibo; hujazwa kwa kumrudisha aliyeondoka. Ukiliziba, moshi hautatoka, ndiyo, lakini kompyuta itaendelea kumwita asiyekuwapo, na taa ya injini itawaka kwenye dashibodi kila siku. Kizibo ni cha tundu lisilodaiwa na yeyote.

Ziba na zibua

Tuje kwenye kitenzi. Lugha yetu ina familia ya vitenzi ambavyo hubeba kinyume chao matumboni: funga na fungua, kunja na kunjua, chomeka na chomoa, tega na tegua. Ziba na zibua wamo katika familia hiyo. Kutokana nao tunapata kizibo, na kutokana na kinyume chake tunapata kizibuo. Anayesema "ziba" ameshaacha mlango wa "zibua".

Sasa tazama uamuzi unaomkabili fundi. Anaweza kulifunga tundu kwa kizibo chenye hesi, au kwa kuchomelea kipande cha chuma juu yake. Njia zote mbili huzuia moshi. Lakini kuchomelea hakuna kinyume chake katika sarufi. Hatusemi "chomelua", na bomba nalo halisemi. Anayetaka kukirudisha kilichochomelewa hana budi kukata. Kwa hiyo swali la kiufundi, "je, tundu hili litahitajika tena?", ni swali la kisarufi pia: je, unataka kitendo chenye -ua au kisicho nayo? Mwenye bomba ambalo huenda kesho likahitaji kipimo tena ataziba. Mwenye bomba ambalo hesi yake imeliwa na kutu hata haishiki tena, atachomelea na kusahau. Sidai kwamba waliotuachia viambishi hivi waliwaza magari. Nadai kwamba walituachia chombo cha kufikiria, nacho kingali kikali.

Kizibo kinachofaa

Si kila kizibacho ni kizibo cha mahali hapa. Karibu na injini inayofanya kazi nzito, moshi huweza kupita nyuzi 600 za selsiasi. Raba huungua. Plastiki huyeyuka. Gundi, hata ile iitwayo ya chuma, mara nyingi hupasuka, kwa kuwa bomba hutanuka likipata moto na kusinyaa likipoa. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, umbali mdogo mno wa kuwekea imani. Kinachofaa ni chuma cha pua au chuma cha kawaida, chenye kipenyo cha milimita 18 na hesi ya milimita 1.5, kikilala juu ya washa ya shaba, pete bapa ambayo hubonyea kidogo inapokazwa na kujaza vibonde visivyoonekana.

Kazi yenyewe haina siri. Bomba liwe limepoa kabisa, na gari liwe juu ya vigingi imara, si juu ya jeki peke yake. Hesi ya tundu isafishwe kutu na masizi. Kizibo kipakwe kidogo grisi ya kuhimili joto, ili siku ya kuzibua kisigandamane na tundu kikang'oka na hesi yake yote. Kianzwe kwa vidole. Kikigoma baada ya nusu mzunguko, kisilazimishwe kwa spana, maana kugoma kwake ni taarifa: ama kimeingia upande, ama hesi si yake. Kikishaingia kwa vidole hadi mwisho, ndipo spana ikaze. Baadaye, bomba likiwa bado baridi, pakwe maji ya sabuni pembezoni mwa kizibo na injini iwashwe. Mapovu yakitokea, pana pumzi inayopita.

Washairi wataitambua tabia hii. Hesi ni mizani. Mshororo wa mizani 16 haupokei neno lenye silabi moja ya ziada kwa sababu tu maana yake ni nzuri. Bolti ya milimita 18 yenye hatua isiyo 1.5 ni kama neno hilo: unene wake ni sawa, sura yake ni sawa, nayo itaingia mzunguko mmoja au miwili ikukonyeze kwamba mambo ni mazuri. Anayeilazimisha huharibu beti zote.

Madhara ya kuliacha wazi

Mtu anaweza kuuliza: tundu la milimita 18 lina uzito gani wa kuandikiwa makala? Lina uzito wa aina mbili.

Kwanza, moshi hautoki kwenye injini kama mto, bali kwa mapigo kama ngoma. Baina ya pigo na pigo, msukumo ndani ya bomba hushuka, na kwa kitambo kidogo tundu huvuta hewa ya nje badala ya kutoa ya ndani. Ikiwa tundu liko mbele ya kihisi kinachofanya kazi, hewa hiyo humfikia, naye huipima kwa uaminifu na kutoa taarifa ya uongo: uji ni mwepesi, ongezeni unga. Kompyuta hutii. Gari hunywa mafuta kupita haja, na mwenye gari hulaumu kituo cha mafuta.

Pili, moshi wa petroli una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu mahali ambapo oksijeni ingeshika. Tundu lililo chini ya sakafu ya gari huweza kuipeleka ndani, hasa pale sakafu ilipotoboka au gari likisimama na injini ikiunguruma. Waliomo huumwa kichwa, husinzia, na wengine hawaamki.

Na hapa lugha yetu ya umma imeacha tundu baya kuliko lile la bomba. Katika mazungumzo ya tabianchi tumezoea kusema "hewa ukaa" tukikusudia kaboni dioksidi, ile inayovutwa na miti. Halafu familia ikipoteza mtu aliyelala na jiko la mkaa chumbani, jina hilo hilo husikika tena, ilhali muuaji ni kaboni monoksidi. Hewa mbili zenye tabia tofauti zimevishwa kanzu moja. Hili si kosa la fundi wala la mama wa nyumbani. Ni letu, tunaojiita walinzi wa lugha. Ningependekeza anayeandika kwa ajili ya watu asitosheke na jina la kikemia, bali aongeze maelezo yanayoeleweka: sumu ile ile ya jiko la mkaa. Kila nyumba ya Afrika Mashariki inalijua jiko hilo. Dereva akiambiwa kwamba chini ya kiti chake pana jiko la mkaa linalowaka, hatahitaji kubembelezwa aende gereji.

Nani huunda neno?

Nimekuwa nikisema kihisi. Gerejini utasikia zaidi sensa. Nakubali kwamba neno hili la mkopo limekwishaota mizizi, lakini lina mgogoro wa kweli: sensa ni hesabu ya watu, na Tanzania ilifanya sensa yake mwaka 2022. "Sensa ya oksijeni" kwa asiyejua ni kuzihesabu oksijeni nyumba kwa nyumba. Kihisi ni kifupi, kimetoka kwenye kuhisi, na kinaingia ngeli ya ki-vi bila kusukumwa. Wengine husema kitambuzi, nalo ni jina zuri. Liwe lolote kati ya hayo, lakini litumike.

Hata hivyo tusidhani kwamba ni sisi tu wa kuwafundisha mafundi. Ndani ya bomba la moshi hukaa kifaa cha kusafishia moshi, chenye vijitundu vingi vyembamba vilivyopangwa kwa safu. Kabla wanaistilahi hawajakunja mikono ya mashati, mafundi wa Tanzania walikwisha kukiita masega. Ni neno la mrina asali, limehamishwa kutoka mzingani hadi gerejini, nalo linaeleza umbo la kifaa vizuri kuliko jina lake la Kiingereza ambalo huzungumzia kemia. Huo ndio uundaji wa istilahi katika hali yake bora: aliyeuona mzinga amekitazama kifaa, akakipa jina. Vivyo hivyo Kenya, mafundi wanaofanya kazi bila paa waliitwa jua kali, na jina hilo limepanda kutoka uwanjani hadi kwenye nyaraka za serikali.

Najua pingamizi litakalotolewa. Litasemwa kwamba Kiswahili cha gereji ni mchanganyiko, kwamba neno la Mombasa silo la Mwanza, kwamba hakuna usanifu. Ni kweli. Lakini usanifu huja baada ya maandishi, haumtangulii mwandishi. BAKITA ipo tangu mwaka 1967, na kazi yake ni kubwa. Ila baraza haliwezi kusanifisha kurasa ambazo hazijaandikwa. Tukiyaandika maneno matano tofauti ya kitu kimoja, wasomaji watachagua. Tusipoandika lolote, atachagua aliyechapa kijikaratasi cha Kiingereza ndani ya boksi la kizibo.

Deni la mshairi

Mwaka 1858, au karibu na hapo, Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utendi wa mafunzo, na hakuona aibu kutia ndani yake mambo ya nyumba na mwili pamoja na mambo ya dini. Ushairi wetu ulizaliwa ukiwa na kazi. Ulikuwa daftari la wasio na daftari, kwa kuwa vina na mizani hushika akilini mahali ambapo nathari hudondoka. Siku hizi tumeuachia mapenzi, siasa na kusifiana sisi kwa sisi. Hayo yana nafasi yake. Lakini kijana anayejifunza ufundi kando ya barabara naye ana masikio, na mikono yake imejaa grisi hawezi kufunua kitabu. Kwa ajili yake natoa ubeti mmoja wa tarbia, wa kazi na si wa mashindano:

Fundi litazame lile, bomba kabla ya kuziba,
Usiweke humo mle, gundi wala hata raba,
Kaza chuma hesi ile, chini na pete ya shaba,
Moshi ukipenya kule, ndani huleta msiba.

Anayeweza kuutunga ulio bora kuliko huu, na wapo wengi, autunge. Ndilo ombi langu lote. Badala ya kubishana tena kama Kiswahili kinaweza, kila mpenda lugha na achague kitu kimoja chenye manufaa, aende kwa anayekijua, asikilize anavyokitaja, kisha akiandike ukurasa mmoja ulio sahihi, wenye vipimo, usio na neno la kigeni lililoachwa bila kuvishwa. Mmoja aandike pampu ya maji, mwingine cherehani, mwingine betri ya nishati ya jua, mwingine nyavu na injini ya mashua. Wahenga walituonya kuhusu ufa na ukuta. Tundu la kurasa zisizoandikwa lina hesi yake tayari, nayo ni ya Kiswahili, linangoja kizibo.